Sahihi Niliyoitia Kabla ya Hisabu



Kila unapokaribia uchaguzi hapa kwetu Kenya, mimbari zetu huanza kuzungumzia khabari ya kura, na maneno yenyewe huwa ni mamoja: mchagueni aliye mwema, msiuze kura zenu, msipigane na jirani zenu. Maneno hayo ni ya haki na mimi siyapingi. Lakini leo nataka nikuzungumzie jambo jengine ambalo mimbari hazilitaji sana, nalo ni zile kazi ndogo ndogo zinazotendwa kabla ya siku yenyewe na baada ya sanduku kufungwa: kuandikwa majina, kusahihisha daftari, kutia sahihi, kupiga muhuri, kubandika karatasi mlangoni. Na nakuzungumzia haya kwa sababu katika jambo hili mimi nina deni, nalo nimelibeba tangu mwaka 2007.

Wengi wetu tunadhani kuwa uchaguzi huharibiwa na wakubwa tu, usiku, katika vyumba vilivyofungwa. Huenda. Mimi wangu niliuharibu jioni, mlango uko wazi, kwa kalamu ya shilingi kumi, na hapana aliyenilazimisha.

Mwaka huo tulipiga kura siku ya Alkhamisi, tarehe 27 Disemba, wiki moja baada ya Idd-el-Hajj. Jirani yangu alikuwa amesimama kutaka udiwani. Hakuwa mtu wa mali, alikuwa seremala. Alinijia nyumbani akaniambia, "Maalim, watu wanakuamini. Kaa pale kituoni uniangalilie." Nikakubali kuwa wakala wake. Sikumdai kitu, na nalijiona nimefanya jambo kubwa la thawabu.

Nilifika skulini kabla ya jua kuchomoza. Tukaonyeshwa masanduku matupu, yakatiwa lakiri mbele yetu, na watu wakaanza kuingia. Kila mmoja alipewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, akatiwa wino kidoleni. Daftari lilikuwa la karatasi, na kazi yetu mawakala ilikuwa kusikiliza majina yakisomwa. Katika daftari lile niliona majina ya watu wawili ambao mimi mwenyewe nilisimama safu ya mbele katika kuwasalia maiti zao. Nikamnong'oneza wakala wa pili, tukacheka kidogo. Laiti ningelijua kuwa lile halikuwa jambo la kucheka! Lakini nitalirudia baadaye.

Sasa usiku ule ule ilikuwa ni nikaha ya mpwa wangu, baada ya sala ya Isha, na mimi ndiye niliyetakiwa kuozesha. Milango ya kituo ilipofungwa, msimamizi, kijana mwalimu mwenye adabu zake, alitwambia kuwa hisabu itakwenda mpaka karibu na alfajiri. Alipoona nazidi kutazama saa akanijia kwa upole: "Maalim, kama una haja ya kwenda, tia sahihi yako hapa kabisa. Nambari tutazijaza sisi. Sote ni watu wazima."

Fomu ilikuwa tupu. Chini palikuwa na mahali pa jina langu, mahali pa nambari ya kitambulisho na mahali pa sahihi. Juu palikuwa na majina ya wagombea, na mbele ya kila jina pameachwa nafasi nyeupe. Nikatia sahihi. Wallahi, ndugu msomaji, sikusita hata kidogo. Nilikwenda zangu, nikaozesha, nikala pilau, nikalala.

Asubuhi baada ya sala nilirudi skulini kuangalia matokeo yaliyobandikwa. Mlango ulikuwa mtupu. Palikuwa na gundi tu ya tangazo la zamani. Nambari za kituo chetu nilizisikia baadaye, huko zinakojumlishwa za jimbo zima, na kura za jirani yangu zilikuwa chache kuliko watu wa nyumba yake na nduguze waliokuwa wameandikishwa kituo kile. Huenda hizo ndizo zilizotoka sandukuni. Watu huahidi kura wasizozitia, hata ndugu wa tumbo moja. Na huenda sizo. Mimi niliyewekwa pale ili nijue, sijui, wala sitajua mpaka siku ya Kiyama.

Jirani yangu alitaka kwenda mahakamani. Sheria ya wakati ule ilimpa siku 28 tangu matokeo kutangazwa katika gazeti la serikali. Akatafuta wakili, na wakili akataka hati ya kiapo kutoka kwangu. Nikaenda. Wakili aliniuliza mambo mawili tu. "Ulikuwapo kura zilipohisabiwa?" Nikasema la. "Na sahihi hii iliyoko chini ya hisabu ni yako?" Nikasema ni yangu. Akaikunja karatasi yake. Ningesema kuwa nilikuwapo, ningeapa uongo. Ningesema kuwa sahihi si yangu, ningeapa uongo mara ya pili. Na kusema kweli yote kama ilivyo kulikuwa hakumsaidii mwenye kesi, bali kulinifedhehi mimi na kumpa nguvu mshindani wake.

Tulipokuwa tukishuka ngazi jirani yangu hakusema neno mpaka tulipofika chini. Kisha akaniuliza, bila ya ghadhabu, "Maalim, harusi ilikuwa nzuri?"

Hakufungua kesi. Miaka ilipita nikamwomba radhi, naye akaniambia amesamehe. Hivi sasa yuko kaburini. Alisamehe kwa ulimi; ya moyoni anayajua Mola wetu.

Yaliyotokea nchini mwaka ule unayajua. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Disemba, na katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa na malaki wakahamishwa makwao. Sitakwambia kuwa sahihi yangu ndiyo iliyowaua. Huko kungekuwa ni kujitukuza kwa namna nyengine. Lakini mwaka 2008 Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, iliyochunguza uchaguzi ule, iliandika kuwa mambo yalivurugwa kiasi cha kutowezekana kujua nani aliyeshinda, na kwamba katika daftari mlikuwa na kadiri ya watu milioni 1.2 waliokwisha kufa. Niliposoma nambari hiyo niliwakumbuka wale maiti wangu wawili niliowacheka. Tume nzima ya uchaguzi ikavunjwa mwisho wa mwaka huo. Nami nikatambua kuwa uharibifu ule mkubwa ulikuwa umejengwa kwa matofali madogo madogo, kila mtu na lake, na la kwangu nalijua liliko.

Ndugu msomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani yote haizungumzii Pepo wala Moto, wala sala wala saumu. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inazungumzia maandishi ya deni. Mimi nimeisomesha aya hii chuoni kwa miaka mingi, na nalikuwa nikiwaambia wanafunzi kuwa ni khabari ya biashara. Baada ya mwaka 2007 nilirudi kuisoma tena kama mtu anayesoma hati ya mashtaka yake. Inataka pawe na mwandishi, na aandike kwa uadilifu. Inataka pawe na mashahidi, na inawakataza kukataa wanapoitwa. Inatuonya tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Na kisha inakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Angalia mambo hayo, kisha ukitazame kituo cha kura: msimamizi ni mwandishi, wakala ni shahidi, fomu ni hati, na kinachoandikwa ni haki ya watu mia sita au mia saba waliosimama juani tangu asubuhi. Ikiwa Mwenyezi Mungu ametutakia uangalifu wote huo kwa deni la watu wawili, seuze kwa deni la umma mzima?

Na lile la kutochoka ndilo lililonipiga. Mimi sikuhongwa, wala sikutishwa. Nilichoka, basi.

Wako ndugu zetu wanaosema kuwa kura hizi si mambo ya Kiislamu na heri tukae mbali nazo. Sitaki kubishana nao hapa, illa nitataja kuwa Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, alieleza kuwa kura ndani yake mna ushahidi, mna uombezi na mna uwakala. Na mwenye kumpa ushahidi asiyestahiki atakuwa ametoa ushahidi wa uongo. Kwangu mimi hilo latosha. Na khabari ya hongo, ya sukari na leso na noti zinazogawanywa usiku, kila Mwislamu anajua vipi Mtume (s.a.w.) alivyowalaani mtoaji na mpokeaji wote wawili, kwa hivyo sitairefusha.

Lakini kuna rai nyengine ninayoisikia barazani, nayo inataka jibu. Wazee wengine husema: mambo ya fomu na mitambo yametuchosha, bora turudi kusimama mstarini kila mtu nyuma ya mtu wake, tuhisabiwe vichwa, mambo yaishe. Mimi huwajibu kuwa mstari huo tumeuona. Mwaka 1988, katika uteuzi wa chama cha KANU, ambacho ndicho kilichokuwa chama pekee, watu walipanga milolongo mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihisabiwa amekwisha kuchaguliwa bila ya kura ya siri. Nalisimama katika mlolongo mmoja wapo. Ulikuwa mrefu, umezunguka uwanja mpaka barabarani, na wa pili wake haukufika hata mlango wa skuli. Uliotangazwa kuwa umeshinda ni ule mfupi. Macho ya mamia yalikuwa mashahidi, lakini haikuwapo karatasi ya kura hata moja ya kuhisabiwa tena, na mtu akenda kulalamika alikuwa na nini cha kuonyesha? Vumbi la miguu. Macho bila ya maandishi hayafai kitu, kama yalivyokuwa maandishi yangu ya 2007 bila ya macho.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuyaunganisha mawili hayo. Kifungu chake cha 86 kinataka njia ya kupiga kura iwe nyepesi, sahihi, salama, yenye kuweza kuhakikishwa na ya uwazi, na kura zihisabiwe na kutangazwa pale pale zilipopigwa. Ni maneno mazuri. Lakini katika kanuni za uchaguzi mlibakia neno moja dogo: kwamba matokeo yanayotangazwa na wasimamizi wa majimbo 290 ni ya muda tu, mpaka Tume huko Nairobi iyathibitishe. Maana yake ni kuwa wale walioziona kura waandike, kisha wale wasioziona waweze kubadilisha. Watu watatu walikwenda mahakamani kabla ya uchaguzi wa 2017 kulipinga neno hilo, nao ni Maina Kiai, Tirop Kitur na mwenzetu wa hapa Mombasa, Khelef Khalifa. Mahakama Kuu iliwapa haki mwezi wa Aprili, na tarehe 23 Juni 2017 Mahakama ya Rufani ikakata vivyo hivyo: yanayotangazwa jimboni ni ya mwisho, wala hapana wa kuyabadilisha isipokuwa mahakama.

Mimi huwataja watatu hawa kwa sababu walifanya mambo yao kwa wakati wake. Sisi wengine hungoja mpaka nyumba ishike moto ndipo tutafute ndoo. Wao walisoma kanuni kavu isiyomfurahisha mtu kuisoma, wakaona palipo na tundu, wakaliziba wiki sita na nusu kabla ya siku ya kura. Na yaliyofuata yalionyesha thamani ya kazi hiyo, kwani tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliubatilisha uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti kwa majaji 4 dhidi ya 2. Haikusema fulani kaiba kura ngapi. Ilisema njia ya kuandika na kupeleka matokeo haikufuata Katiba wala sheria. Kabla ya hapo hapakuwa na mahakama Afrika iliyobatilisha ushindi wa rais aliyeko madarakani.

Katika hukumu ile mlikuwa na jambo ambalo watu wa lugha kama sisi tungelipenda. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kilizungumzia mambo mawili: kwenda kinyume na misingi ya sheria, na makosa kuathiri matokeo. Baina yake pana neno lenye maana ya "au". Mahakama ikasema kuwa "au" ni "au": moja katika mawili latosha kuubatilisha uchaguzi. Mara tu wabunge wakapitisha sheria ya kuligeuza hilo ili mawili yote yawe lazima, yaani kuitoa "au" na kuweka "na". Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikayatupa mabadiliko hayo. Wanafunzi wangu wa nahau, ambao huniuliza mna faida gani kushinda kutwa juu ya harufi moja, tangu siku hiyo nimepata la kuwajibu.

Lakini yote haya ni baada ya jina lako kuwamo daftarini, na hapa nataka nikuulize wewe unayenisoma: jina lako limo? Hapa pwani na kule kaskazini mashariki wako watu wengi ambao si wavivu wa kujiandikisha, bali hawana kitambulisho, na bila ya kitambulisho au pasipoti huandikwi. Kwa miaka mingi kijana akiitwa Kamau aliulizwa cheti chake cha kuzaliwa, na kijana akiitwa Abdalla aliulizwa cha babu yake, kisha akaketishwa mbele ya wazee wa kamati. Mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye nyanya yake nimemjua, alikwenda na kurudi mpaka nywele zikapiga mvi. Wamakonde wa Kwale waliokuwa hawana vipande ilibidi mwaka 2016 watembee safari ya kwenda Nairobi ndipo wakapewa. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitia sahihi amri ya kuondoa mchujo huo wa ziada kwa kaunti za mipakani. Amri ni amri. Afisi ni afisi. Aliye na kijana wa miaka 18 nyumbani asingoje kuona kama zimepatana. Ampeleke.

Na usidhani kuwa Tume yenyewe ni kitu kinachosimama peke yake. Tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025 haikuwa na makamishna. Majimbo yaliyofiwa na wabunge wao yalikaa bila ya uchaguzi mdogo, na kazi ya kupitia mipaka ikapita muda wake uliowekwa na Katiba. Mabishano yalikuwa ni juu ya nani ateuliwe na nani ateue. Kwa hisabu ya Katiba, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, uchaguzi wa baada ya ule wa 2022 waangukia tarehe 10 Agosti 2027. Karibu na nusu ya muda huo wa matayarisho ulikwenda na viti vitupu.

Basi nimalizie nilikoanzia. Mwaka 2022 mtoto wa yule jirani yangu seremala alisimama kutaka uwakilishi wa wadi. Sikutarajia anijie, lakini alikuja, akasema maneno yale yale ya babake, sijui kama alikuwa ameambiwa au yalimjia tu. Nilimweleza yote tangu mwanzo mpaka ile ngazi ya afisi ya wakili. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi wewe ndiye hutalala."

Zilikuwa ni siku za Ashura na nalikuwa nimefunga. Nilifuturu kwa tende mbili na maji pale pale juu ya deski la watoto, nikasali Magharibi pembeni mwa chumba huku sanduku nalitazama. Safari hii karatasi zilikuwa sita kwa kila mpiga kura, si tatu. Zilianza kuhisabiwa za urais, kila moja ikiinuliwa na kusomwa kwa sauti, na ya kwetu ya wadi ilikuwa ya mwisho. Macho yalinichoma, mgongo ukaniuma, mawakala wawili wakasinzia ukutani nikawaamsha. Ilipofika kutia sahihi ilikuwa imepita saa tisa ya usiku. Msimamizi, binti wa makamo ya mjukuu wangu, alinipa fomu ya urais kwanza. Nikaisoma kutoka juu mpaka chini, nikajumlisha kwa kidole, kisha nikajumlisha tena. Alikuwa amechoka kuliko mimi lakini alingoja.

Siku ya pili Tume ilikuwa imeweka fomu hizo za vituo, zile zinazoitwa 34A, mahali ambapo kila mtu angeweza kuzitazama. Mjukuu wangu akaitafuta ya kwetu katika simu, akaikuza mpaka ikajaa kioo chote. Niliitoa mfukoni karatasi niliyoandika kwa mkono wangu usiku ule, nikamwambia anisomee moja moja. Akasoma, nami nafuata kwa kalamu, mpaka tukafika chini kulikokuwa na jina langu.